Koja la Boga

Kila mwaka majani yakianza kupukutika, maduka ya hapa Scarborough, Canada, hutoa nje vyungu vya maua na kuvipanga chini pamoja na maboga, na kila mwaka mimi husimama hapo na mifuko yangu mikononi nikainama kuyanusa. Ni yale maua ya duara yenye petali nyingi zilizosongamana, ya manjano na ya rangi ya kutu. Hayanukii. Yana harufu ya majani mabichi tu. Nimelijua hilo tangu nikiwa na miaka minane, lakini siwezi kupita bila kuhakikisha. Juzi binti yangu alinikuta nimeinama hivyo, akaniuliza kwa Kiingereza chake nimepoteza nini. Mwalimu wao amewaagiza watengeneze pambo la katikati ya meza, boga na maua mabichi, kwa ajili ya Sikukuu ya Shukrani. Nikamwambia achague boga alipendalo. Nililipa, tukaingia kwenye gari, nikakaa na ufunguo mkononi muda mrefu mpaka akaniuliza kama gari limeharibika.

Gari lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyekuwa nimerudi ghorofa ya kumi na moja, kwenye chumba cha Bibi, na boga lingine.

Bibi na Babu, wazazi wa baba yangu, walikuja kutoka Unguja kututembelea. Walipewa chumba changu, nami nikahamishiwa kwenye kochi la sebuleni. Nilinuna siku mbili tu, maana Babu hakuwa mtu wa kununiwa. Aliniita mke wake, kama mababu wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na Bibi akaniita mke mwenzake. Asubuhi Babu alikuwa akiuliza kwa sauti kubwa, "Leo nani kanipikia chai, mke mkubwa au mke mdogo?" Bibi naye alijibu, "Mwambie huyo mchumba wako akupikie, mie nshachoka." Mimi nilizaliwa huku, na nilikuwa nikimjibu kila mtu kwa Kiingereza hata nikiulizwa kwa Kiswahili. Mzaha ule ndio ulionifungua mdomo, kwa sababu sikutaka Bibi awe anashinda kila siku.

Kisha mchana mmoja wa joto kali Babu alijinyoosha baada ya kula na hakuamka tena. Walimzika kesho yake kwenye makaburi yaliyo nje ya mji, upande wa kaskazini, kwenye uwanja mkubwa wa majani. Wanaume ndio waliokwenda. Bibi alibaki chumbani mwangu, kwenye kitanda changu chini ya picha zangu za vipepeo, na tangu siku hiyo hakutoka.

Niliambiwa amekaa eda, atakaa miezi minne na siku kumi. Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo. Nilichokiona mimi ni kwamba wamemvua bangili zake, wamemvisha nguo nyeupe zisizo na pambo, wamemkataza wanja, udi na manukato ya aina yoyote, na hashuki hata chini kupokea barua. Katika akili yangu ya miaka minane, mtu akifungiwa chumbani ni kwa sababu amefanya kosa. Niliamini kwamba Bibi ameadhibiwa kwa kumwacha Babu afe. Na aliyemwadhibu nilimjua: Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa akija na gari lake kutoka Markham kila wiki, akiingia tu anachungulia chumbani kama anayekagua.

Siku moja nilimwuliza Bibi, "Mimi ni mke mwenza. Mbona mimi sijafungiwa?"

Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wewe eda yako ni kunitumikia mie. Nikikosa kitu, wewe ndo utanipatia. Mpaka siku zangu ziishe. Haya, sema umekubali."

Nikasema nimekubali, na sikuwa natania.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kumletea habari za kaburi. Baba alikuwa akinichukua baadhi ya Jumapili kwenda kumwombea Babu, na nikirudi Bibi alinikalisha kitandani na kunihoji. Udongo bado umeinuka? Majani yameota? Kuna mti karibu? Nilimwambia kuna bomba la kijani la maji, na kwamba makaburi ya pale hayana mawe ya kusimama, kila moja lina kibao kilicholala sawasawa na ardhi. Alikuwa akinisikiliza mdomo wazi. Nyuma ya mlango alitundika kalenda aliyoipata kwa muuza nyama, na kila baada ya sala ya alfajiri alitia alama ya penseli. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, na alilisema kwa kila aliyeingia chumbani mle: siku zake zikiisha apelekwe akauone udongo wa mumewe, kabla theluji haijaufunika. Hakuwahi kuiona theluji, ila watu walikuwa wamemtisha nayo. Baada ya hapo angerudi kwao, tikiti ilikuwa tayari.

"Siku zinatosha, Mama," Baba alimwambia. "Theluji huja baada ya hapo. Tutakwenda mapema."

Zilipobaki siku ishirini na saba, mwalimu wetu alitangaza habari ya maboga. Kila mtoto atengeneze pambo la meza nyumbani, akisaidiwa na mtu mzima, alilete darasani Ijumaa, wazazi waje kula pamoja nasi, na pambo zuri kuliko yote lipewe utepe. Baba alikuwa kwenye malori yake kule Downsview tangu asubuhi mpaka jioni. Mama alikuwa akiwauguza wazee wa watu. Mtu mzima aliyebaki nyumbani alikuwa mmoja, na kwa bahati huyo ndiye aliyekuwa fundi wa maua.

Bibi alikuwa akitunga maua ya harusi mtaa mzima wa kwao. Makoja ya asumini ya kuvaa shingoni, vikuba vya rehani na asumini vya kubandika kifuani, maua ya kumwaga kitandani kwa bibi harusi. Mama alikuwa akisema mikono ya Bibi ilikuwa ikinukia hata akitoka kuosha samaki. Kwa hiyo nilipoingia chumbani na boga kwenye mfuko wa dukani na chungu cha maua kifuani, nilijua nimeshashinda.

Boga alilipokea vizuri. Alilikata kifuniko, akalikomba kwa kijiko mpaka ndani pakawa pasafi, akazitenga mbegu ili azikaange kwa chumvi. Alionja kipande kibichi akakunja uso. "Hili la kulishia ng'ombe. Ndo maana wanalifanya mwanasesere." Lakini niliposogeza maua alirudisha mikono yake chini ya kanga.

"Hayo sishiki. Mie na vitu vya kunukia, mpaka nitoke."

"Lakini hayanukii, Bibi."

"Maua yasinukie?"

"Nusa!"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Tangu hita za jengo zianze kuwashwa, Bibi alikuwa ameshikwa na mafua yasiyoisha. Pua zake zilikuwa zimeziba kabisa, alikuwa akila pilau kama anakula wali mweupe na kumlaumu Mama kwa viungo. Aliyatazama yale maua kwa hamu ambayo sasa, nikiwa mtu mzima, naielewa. Ilikuwa miezi zaidi ya mitatu hajashika ua.

"Ninusie wewe," akasema. "Nusa sana. Usiniongopee."

Nikatumbukiza uso mzima. "Hayanukii hata kidogo, Bibi. Wallahi."

Na ilikuwa kweli.

"Basi kama hayanukii ni majani tu," akasema, na mikono ikatoka chini ya kanga.

Mimi nilitaka maua yasimame kwenye mtungi wa maji ndani ya boga, kama kwenye picha aliyotugawia mwalimu. Bibi aliikataa picha. Alisema maua hayasimamishwi kama watoto waliochelewa shule, maua huvalishwa. Aliagiza sindano ndefu na uzi mweupe wa Mama, akaupaka uzi mafuta ya kupikia kidogo uteleze, akanifundisha kuchoma chini ya kichwa cha ua, pale penye nyama, siyo katikati, maana ukilichoma katikati litafia mikononi. Ua moja la manjano, moja la kutu, jani, kisha tena. Kila ua alilipuliza kwanza kutoa maji. Alifanya kazi bila kutazama, vidole vikienda vyenyewe, na akawa ananihadithia harusi ambayo bibi harusi alisinzia kwa uzito wa maua aliyovishwa. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Nilimtazama nikajisemea, adhabu imekwisha.

Ikaingia alasiri, akaenda kutawadha na kusali. Koja lilikuwa limefika nusu. Nililiinua nikalinusa, nikakumbuka aliyoyasema, kwamba ua lisilonukia ni jani. Nilitaka langu liwe ua. Nilitaka utepe, sikatai, niliutaka sana. Lakini nilitaka pia Bibi arudiwe na mikono yake inayonukia, maana niliamini akishanukia tena atakuwa ametoka, na Shangazi hatakuwa na la kufanya. Mambo hayo mawili yalikuwa kichwani mwangu kwa pamoja na hadi leo siwezi kusema lipi lilikuwa kubwa. Nilikwenda kwenye meza ya Mama, nikachukua chupa yake ya manukato, nikayanyunyizia maua yaliyobaki kwenye beseni mpaka yakalowa.

Bibi alirudi, akakaa, akashika sindano. Vidole vyake vikasita juu ya beseni.

"Mbona yamelowa?"

"Nimeyatilia maji, yasife."

"Bado hayanukii?"

Nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa. Harufu ilikuwa inanipanda mpaka machoni.

"Hayanukii, Bibi."

Akaniamini. Akaendelea kutunga, akilivuta kila ua kwa vidole, akiupitisha uzi mdomoni, akijifuta mikono kwenye ile nguo nyeupe. Alipomaliza alilizungushia boga koja raundi tatu, akalifungia nyuma kwa fundo dogo, akaweka kijani kidogo kwa juu, boga likawa bibi harusi mnene aliyekaa kitako anasubiri mume. Tulicheka sote wawili. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na nimeona mapambo mengi ya maboga tangu wakati huo.

Tulikuwa bado tunacheka alipoingia Shangazi, na safari hii hakuwa peke yake. Alikuwa na wanawake wawili wa jamii yetu ambao hawakuwahi kuja kuhani, wamevaa mabuibui na nyuso za msiba. Mmoja wao aliinama kumbusu Bibi mkono. Akakaa nao puani kidogo zaidi ya inavyopasa. Kisha akamtazama mwenzake.

Shangazi aliona. Akasogea, akaushika mkono wa mama yake, akanusa, akanusa na nguo.

"Mama! Umejitia manukato?"

"Mie?" Bibi akaileta mikono puani, akavuta pumzi, hakupata kitu. Akavuta tena. "Manukato gani, mwanangu?"

"Unanukia chumba kizima! Siku ishirini na nne zimebaki, Mama, hukuweza kusubiri? Watu watasema nini? Babaetu hata udongo haujakauka!"

Bibi aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimesimama kati ya kitanda na ukuta, nimelikumbatia boga. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi sana. Kilikuwa mdomoni, nilikuwa nacho kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nikainamisha uso kwenye maua.

Alinitazama mpaka akajua. Nina hakika alijua, maana uso wake ulilegea, haukuwa na hasira, ulikuwa wa mtu aliyeweka kitu mahali akakikosa. Kisha akawageukia wageni.

"Nimeshika maua," akasema. "Makosa yangu. Kaeni kitako, jamani. Mjukuu wangu, lete maji."

Nikaleta maji.

Siku ya pili wazazi wa wenzangu walipanga foleni kulinusa boga langu. Mwalimu alisema hajawahi kuona maua ya aina ile yakinukia vizuri namna hiyo, akanifunga utepe wa bluu begani. Bibi aliponiuliza kama tumeshinda, nikasema ndiyo, naye akapiga kigelegele kidogo cha chini kwa chini, maana mwenye eda hapigi kigelegele. Utepe niliutupa kwenye bomba la taka la ghorofa yetu.

Kesho yake nilimkuta mbele ya kalenda. Alikuwa akifuta alama kwa mate na kidole, akizihesabu upya. Alisema siku zilizobaki atazikaa mara mbili, kwa kuwa amezitia doa. Baba alimpigia simu sheikh mmoja, sheikh akasema hapana haja kabisa, mtu asiyekusudia hana lawama, eda haiongezwi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamrudishia Baba simu. "Sheikh kasema yake. Hili la mimi na mume wangu." Baba akasogeza tikiti mbele.

Ningeweza kusema wakati huo. Siku zilikuwa ishirini na nne, na ishirini na nne nyingine. Kila asubuhi nilikwenda shuleni nikiapa kwamba nikirudi nitasema, na kila jioni Bibi alinipokea kwa mzaha uleule wa mke mwenza, nikaona leo tumefurahi, nitasema kesho. Theluji ilianza kuanguka wakati alama zake za pili zilipokuwa karibu kufika mwisho. Alisimama dirishani akaitazama ikifunika maegesho ya magari.

Alipotoka, tulimvalisha koti la Mama na viatu vya Baba. Makaburini palikuwa peupe kutoka uzio hadi uzio. Hapakuwa na kibao hata kimoja. Bomba la kijani lilikuwa limeng'olewa kwa ajili ya baridi. Baba alisimama akizunguka mahali pamoja, kisha akasema anakwenda ofisini kuulizia namba ya kaburi, tumsubiri kwenye gari. Bibi hakwenda kwenye gari.

"Yuko wapi?" akaniuliza. Upepo ulikuwa unamtoa machozi, au siyo upepo. "Wewe ulikuwa ukija. Nionyeshe mume wetu yuko wapi."

Sikujua. Nilitazama ule weupe wote na sikujua hata kidogo. Lakini mtoto aliyekwisha kusema uwongo mmoja uliomgharimu mtu hivyo hana ujasiri wa kumnyima jibu. Nilimshika mkono, nikatembea hatua nyingi kama ninayejua ninakokwenda, nikasimama.

"Hapa, Bibi."

Alipiga magoti. Alivua glavu, akaifukua theluji kwa mikono yake mitupu mpaka akafikia majani yaliyoganda, akaweka kiganja hapo, akaanza kumsemesha Babu. Alimwomba radhi kwa kuchelewa. Kisha akachukua mkono wangu akauweka juu ya wake.

Baba alirudi na karatasi mkononi. Akatutazama tulipo, akatazama karatasi, akatazama mbali upande wa kushoto, karibu na uzio. Bibi alikuwa amefumba macho anaomba. Baba aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akaja kupiga magoti pembeni yetu.

Bibi aliondoka wiki iliyofuata na hakurudi tena Canada. Aliishi miaka mingine tisa. Kila tulipopigiana simu, nikiwa msichana, hata nikiwa tayari nimeanza chuo, alikuwa haachi kuniuliza kabla ya kuagana, "Mke mwenzangu, umekwenda kumsalimia? Palepale uliponionyesha?"

Na mimi nilikuwa nikimjibu, kila mara, "Ndiyo, Bibi. Palepale."